Balbu ya Nne

Nyumbani kwa mama yako
Jumatatu, 3 Machi

Mume wangu, mume wangu, mume wangu (nimeandika mara tatu kwa sababu bado sijalizoea hilo neno, na kila nikiliandika najikuta natabasamu peke yangu),

Barua yako ya kwanza nimeipata. Niliificha kifuani nikaenda kuisomea chooni, maana nyumba hii ya mama yako haina mlango mwingine unaofungwa kwa komeo. Nikaifungua. Ukurasa mmoja. Mstari wa kwanza, "Mke wangu, mimi sijambo." Kuanzia mstari wa pili mpaka sahihi, balbu.

Jamani! Tumeoana Jumamosi ya tarehe nane Februari. Tumekaa pamoja siku kumi na nne, ofisi ya nyaraka ikakuita. Na mimi nangoja barua ya mapenzi, naletewa balbu.

Haya, nimeelewa. Mashine yako ya kuskani filamu za ramani ina balbu ndani, boksi la balbu limeandikwa kwamba itawaka saa elfu moja, na yako imeungua baada ya saa thelathini na moja. Zimebaki tatu, na nyingine zikiagizwa zitachukua miezi miwili. Hayo yote nimeyaelewa. Kama umenikumbuka hata kidogo, hilo ndilo sijaambiwa.

Usije ukafikiri sijali kazi yako. Nakesha nikiiwaza. Mkuu wako amesema ukizimaliza hizo filamu elfu tatu na mia mbili kabla ya tarehe 31, utathibitishwa kazini, na tutapewa kile chumba cha wafanyakazi nyuma ya ofisi. Chumba chetu wawili! Hapa nalala na dada yako, naye anapiga mateke kama anafukuza mbwa.

Jana mama yako alinikuta dirishani. "Unamtazamia nani, bibi harusi?"

"Naangalia kama mvua itanyesha, mama."

"Mvua ya kwenu huja imevaa suruali?"

Wifi alicheka mpaka akamwaga chai.

Halafu niambie, umemvika? Nasema kile kitambaa nilichokufumia, cheupe chenye mawaridi pembeni. Mashine ya thamani haiachwi uchi mezani. Hata redio ya mama yako ina cha kwake. Nimeshakubali kwamba huyo ni mke mwenzangu, basi angalau avae nguo niliyomchagulia mimi.

Dereva wa ofisi anapita Jumatatu na Alhamisi. Sina mahali pa kukuonea ila kwenye bahasha. Nijazie bahasha.

Mkeo wa siku ishirini na tatu

*

Ofisi ya nyaraka, chumba cha mashine
Alhamisi, 6 Machi

Mke wangu,

Nakukumbuka. Naanza na hilo usije ukasema.

Balbu ya pili iliungua jana. Saa ishirini na saba.

Sijui nifanye nini na mashine hii. Nikiiwasha asubuhi inafanya kazi vizuri kama dakika arobaini, halafu kijitaa cha njano kinawaka na kila kitu kinasimama. Inajizima yenyewe mpaka ipoe. Nangoja nusu saa, nawasha, dakika ishirini, inazima. Nikiigusa ubavuni ni ya moto kama pasi. Wakati huo filamu ziko mezani zinanuka siki, maana filamu ya zamani ikianza kuoza hunuka hivyo, na zikioza basi. Korido imejaa watu wenye viwanja. Ramani zao za karatasi zililiwa na mchwa, na mipaka yao imebaki kwenye hizi filamu tu. Kila mtu akipita mlangoni ananichungulia kama daktari wa mgonjwa wake.

Mkuu alikuja kuangalia. Alishika ile balbu iliyoungua akaigeuzageuza. "Kijana," akasema, "hii ni balbu au njiti ya kiberiti?" Watu wa korido wakacheka. Mimi sikucheka. Zimebaki mbili. Ya nne ikiungua kabla kazi haijaisha, majaribio yangu yameishia hapo, na chumba tukisahau.

Kitambaa chako kiko juu ya mashine tangu siku ya kwanza, sijakitoa hata dakika moja. Mpiga chapa wetu amekisifu. Kinanukia sabuni yako. Humu ndani ndicho kitu pekee kisichoniudhi.

Wako,
Mrefu

*

Nyumbani kwa mama yako
Jumatatu, 10 Machi

Mume wangu kipenzi cha roho,

"Kinanukia sabuni yako." Nimeisoma mara kumi na moja! Nikamsomea na wifi, akasema kaka yake hajawahi kusema maneno kama hayo tangu azaliwe, labda ana homa.

Sasa nikugombeze. Balbu ya pili! Unazila? Saa elfu moja, wewe unapata ishirini na saba? Nimekaa na hesabu hii tangu Alhamisi, hata wali nimeuunguza, na mama yako akasema, "Mume anaunguza huko, mke anaunguza huku, mmependana kweli."

Nimewaza sana. Mimi sikusomea mashine, lakini nyumba naijua, na kila kinachoharibika ndani ya nyumba kimeharibiwa na vumbi. Cherehani ya mama yangu ilikufa kwa vumbi. Na wewe umesema chumba kiko pembeni ya korido inayopitwa na watu siku nzima. Kile kitambaa cha kwanza nimekifuma kwa mapambo, kina matundu matundu, vumbi linapita kama liko kwao. Kosa ni langu.

Kwa hiyo nimekaa siku tatu nimefuma kingine. Hiki si mchezo! Nimekitia bitana ya kitambaa kizito cha pazia, na kinashuka pande zote nne mpaka mezani. Nimeacha mwanya mdogo mbele tu, wa kuingizia filamu. Vumbi likitaka kupita litabisha hodi. Mvike leo leo, mpenzi wangu, usingoje kesho.

Na kuna mtu mmoja sijamsahau. Huyo fundi aliyewauzia balbu. Nimemwandikia. Usiniulize nimemwandikia nini.

Mkeo wa siku thelathini, mwezi mzima mpevu

*

Jumatatu, 10 Machi

Kwa Fundi wa mashine na vifaa vya picha,

YAH: BALBU ZAKO ZISIZOMALIZA HATA WIKI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mke wa mwendeshaji wa mashine ya kuskani filamu katika ofisi ya nyaraka, mashine uliyoiuza wewe pamoja na balbu zake nne. Maboksi ya balbu hizo yana maandishi yanayosema saa elfu moja. Ya kwanza imewaka saa thelathini na moja. Ya pili saa ishirini na saba. Naomba unieleze hizo saa nyingine zimekwenda wapi.

Mume wangu ni mtu makini. Anakunja soksi zake. Haiwezekani kosa likawa lake. Kwa hiyo kosa ni la balbu, na mwenye balbu ni wewe. Mimi na yeye tumeoana juzi tu, na kwa sababu ya balbu zako tunaishi kwa bahasha. Kama wewe una mke, muulize ajisikiaje siku ukichelewa kurudi kwa saa moja, halafu uzidishe.

Nasubiri majibu yako haraka iwezekanavyo.

Mimi,
Mke wa mwendeshaji

*

Chumba cha mashine
Alhamisi, 13 Machi

Mke wangu,

Kitambaa kipya nilikipata Jumatatu ileile. Asante.

Balbu ya tatu imeungua jana. Saa kumi na tisa. Imebaki moja.

Chanzo nimekijua. Usiniulize. Nimeshamwandikia Mkuu taarifa na nimeisaini.

Tafadhali usinitumie kitu kingine chochote.

Nakupenda.
Mrefu

*

Karakana
Jumamosi, 15 Machi

Mama,

Barua yako nimeipata, ni kali, nimeisoma nikiwa nimesimama. Mke ninaye, nimemsomea. Amesema nikujibu leo leo la sivyo nisile.

Balbu zangu ni nzima. Zile saa elfu moja ni za balbu inayopata hewa. Balbu za namna hii ni za moto mkali, na zikikosa kupoa zinaungua kabla ya siku zake. Mashine imetengenezwa hivi: chini kuna feni inayovuta hewa ya baridi, inapita kwenye balbu, joto linatokea juu, kwenye matundu madogo yaliyopangwa mistari. Matundu hayo yakiziba, joto linarudi ndani. Mashine ikiona hatari inajizima. Ukiiwasha tena kabla haijapoa vizuri, unaichosha zaidi.

Kwa hiyo muulize mumeo mambo mawili. La kwanza, anaposhika balbu mpya, anaishika kwa vidole vitupu? Mafuta ya ngozi hukichoma kioo chake. Ashike kwa karatasi laini. La pili, na ndilo kubwa, juu ya mashine kuna nini?

Usishangae. Nimeshakuta faili. Nimeshakuta koti la karani. Mahali pamoja nilikuta sahani ya chakula cha mchana, mwenyewe anasema anakipashia moto hapo. Watu wanaona mashine ina mgongo bapa, wanadhani ni meza.

Kama juu hakuna kitu, niandikie tena kwa ukali uleule, nitakuja mwenyewe.

Fundi

*

Nyumbani kwa mama yako
Jumatatu, 17 Machi

Mume wangu,

Siku nne nimelia. "Usinitumie kitu kingine chochote"! Nikasema basi, amenichoka, hata miezi miwili hatujafika. Mama yako akaniona macho yamevimba akaniuliza, nikasema vitunguu. Akasema, "Vitunguu vya siku nne?"

Leo asubuhi imekuja barua ya yule fundi. Nimekuwekea humu ndani uisome mwenyewe. Mimi nimeisoma mpaka pale anapouliza juu ya mashine kuna nini, nikakaa chini sakafuni.

Bitana ya pazia! Pande zote nne! Na nikajisifu!

Mimi ndiye niliyeziua. Mbili nimezibana pumzi kwa mawaridi na ya tatu nimeinyonga kabisa kwa mikono yangu hii.

Na wewe ulijua. Usinidanganye, "chanzo nimekijua, usiniulize" maana yake ulijua tangu tarehe 12. Ulikuta nini? Kiliungua? Kilinuka? Kwa nini hukuniambia? Uliona bora nifikiri sipendwi kuliko nijue nimekosea kufuma? Wanaume mna akili gani nyie? Nina hasira na mimi, nina hasira na wewe, nina hasira na huyo aliyeweka matundu juu badala ya pembeni.

Na hiyo taarifa uliyoisaini. Umeandika nini ndani yake? Nijibu neno kwa neno. Usiniletee mistari sita.

Mkeo wa siku thelathini na saba, na nyingine zote zijazo utake usitake

*

Chumba cha mashine
Alhamisi, 20 Machi

Mke wangu,

Nisamehe. Bitana iligeuka kahawia katikati, na chumba kikanuka pasi iliyosahaulika juu ya shati. Ndipo nilipoinua kitambaa nikaona matundu. Siku kumi na saba nimekaa na mashine ile sijawahi kuyaona, kwa sababu niliifunika kwa kitambaa siku ya kwanza kabla hata sijaiwasha. Kosa ni langu. Kitabu cha maelekezo kipo, ukurasa wa tatu umechorwa mshale.

Nilitaka kukuambia. Nikakukumbuka ulivyokuwa umekaa kitandani ile wiki ya pili ya ndoa, sindano mkononi, ulimi nje kidogo, unahesabu mishono. Kalamu ikakataa.

Kwenye taarifa nimeandika, "Balbu zimeungua kwa uzembe wa mwendeshaji." Basi. Ungetaka niandike nini? "Kitambaa cha mke wangu"? Ofisi nzima ingecheka mpaka mwaka ujao, na wangekucheka wewe, hata kabla hawajakuona. Mkuu aliisoma akaniuliza, "Uzembe gani?" Nikasema uzembe tu. Akaniuliza mara ya pili. Nikasema hivyohivyo. Akanitazama, akasema mtu wa hivyo hajui kama anaweza kumthibitisha.

Habari njema ni moja. Balbu ya nne inakwenda vizuri. Mashine iko wazi, dirisha liko wazi, taa ya njano haijawaka hata mara moja. Naishika balbu kwa karatasi laini kama fundi wako alivyosema. Zimebaki filamu elfu moja na mia mbili hivi.

Acha niubebe mimi. Hili nimeliamua.

Mrefu

*

Nyumbani kwa mama mkwe
Jumatatu, 24 Machi

Kwa Mkuu wa Nyaraka,

Shikamoo.

Mimi ni mke wa kijana wako wa mashine, yule mrefu. Hajui kama nakuandikia, na akijua atanuna, lakini atanuna akiwa na kazi.

Alichoandika kwenye taarifa si kweli. Balbu zimeungua kwa sababu ya vitambaa viwili nilivyofuma mimi, cha pili kina bitana. Vimeziba matundu ya juu ya mashine. Yeye aliifunika navyo kwa kunipenda na akanificha kwa kunipenda, na mimi nimechoka kupendwa kwa kufichwa. Kama kuna wa kuchekwa, nichekwe mimi. Nimeshachekwa na mama mkwe, hakuna kilichobaki cha kuniumiza.

Nakuomba umpime kwa balbu ya nne. Hizo tatu ni zangu.

Kuna kile chumba nyuma ya ofisi. Sitasema zaidi, nisije nikaonekana naomba.

Wako mtiifu,
Mke wake

*

Ofisi ya Mkuu wa Nyaraka
Alhamisi, 27 Machi

Bibi,

Marahaba.

Kitambaa cha kwanza nilikiona. Nilikisifu. Niliuliza kama kinaweza kupatikana cha meza yangu. Kwa hiyo usijitwike peke yako.

Ila nikueleze jambo ambalo mumeo hajalielewa. Ofisi nyingine tatu zina mashine kama hii. Moja imeshaunguza balbu zote na imesimama, filamu zinaoza. Taarifa ya mwendeshaji wao iko mezani kwangu, nayo imeandikwa uzembe. Neno hilo halinisaidii kitu. Mtu akiniandikia uzembe, najua wa kumlaumu, lakini sijui la kuzuia. Baada ya barua yako nimempigia simu yule wa kule nikamuuliza juu ya mashine yake kuna nini. Koti la mvua, tangu Januari.

Mumeo angeniambia kweli tarehe 13 nilipomuuliza, wale wenzetu wangeokoa balbu yao ya mwisho. Iliungua tarehe 18.

Nimemwita leo. Nimemwambia aandike taarifa upya, yenye vitambaa, bitana na kila kitu, na aisome mbele ya waendeshaji wote siku ya mwisho wa mwezi. Amesema hawezi kumdhalilisha mke wake. Nimempa barua yako akaisome nje.

Uamuzi wangu atausikia tarehe 31.

Mkuu wa Nyaraka

*

Chumba cha mashine
Jumatatu, 31 Machi

Mke wangu,

Filamu ya mwisho imepita saa tisa alasiri. Kiwanja cha mzee mmoja aliyekuwa akilala kwenye benchi la korido. Alipoona mpaka wake kwenye kioo aliufuata kwa kidole, halafu akasema, "Jirani yangu kumbe kanila hatua nne." Akaondoka anakimbia na fimbo yake. Balbu ya nne ina saa tisini na mbili na inawaka.

Taarifa nimeisoma. Nilianza kwa sauti ndogo, Mkuu akasema, "Huko nyuma hawasikii." Nikafika kwenye bitana. Wakacheka, ndiyo. Yule wa koti la mvua alicheka kuliko wote, mpaka akafuta machozi, kisha akaniomba nakala. Mpiga chapa akauliza kama mke wangu anapokea oda. Sikufa.

Sasa lililo baya. Sikuthibitishwa. Mkuu amesema kazi yangu ni safi, lakini aliniuliza mara mbili nikamficha mara mbili, na balbu ya wenzetu imeungua kwa hilo. Ameniongezea majaribio miezi mitatu. Chumba cha nyuma ya ofisi amepewa mpiga chapa.

Sina cha kubisha. Ameniambia nikiwa nimekaa, ameniagizia na chai, lakini ni hivyo.

Nimetafuta kwingine. Kipo chumba kimoja nyuma ya duka la fundi cherehani. Nimekipima kwa hatua zangu, sita kwa tano. Paa ni la bati bila dari, mchana ni tanuri. Dirisha moja halifunguki, lingine halifungiki. Maji ni ya bomba la uani, tunachangia na nyumba nne. Si mahali pa kumleta bibi harusi. Subiri hapo kwa mama miezi mitatu, nikithibitishwa nitaomba chumba kizuri. Najua utakasirika. Safari hii nimekuambia yote, hata dirisha.

Mrefu wako

*

Nyumbani kwa mama yako
Alhamisi, 3 Aprili

Wewe mwanaume,

Nisubiri? Miezi mitatu? Kwa sababu ya dirisha?

Nimeolewa na wewe siku hamsini na nne, nimekaa na wewe kumi na nne. Arobaini zimekwenda kwa mateke ya dada yako. Nilikitaka kile chumba cha ofisi mpaka nikakiota, nikakipangia na mahali pa ndoo. Nimekililia leo asubuhi, si uongo, kwa muda wa kama robo saa. Halafu nikarudia barua yako pale uliposema umekipima hicho kingine kwa hatua zako. Mtu hapimi chumba asichokitaka, mpenzi wangu. Sita kwa tano tunaenea. Joto tutalilalamikia wote wawili, kila mtu kwa zamu.

Mama yako nimemwambia. Aliweka mwiko chini, nikaogopa. Kisha akaniuliza, "Bati bila dari?" Nikasema ndiyo, mama. "Na maji uani?" Ndiyo, mama. Akasema, "Mimi na baba yake tulianzia jikoni kwa watu," akaingia ndani akatoka na godoro lake jembamba, akaanza kulifunga kamba mwenyewe. Dada yako analia, anasema sasa atampiga nani.

Dereva yuko mlangoni anapiga honi. Nimemwambia leo hachukui bahasha tu. Amesema gari ni la kubebea faili, nikamwambia aniandike faili. Hii barua naileta mwenyewe mkononi, nimeiandika kwa mazoea tu.

Usiijibu. Ukiijibu itakuja huku, na mimi sitakuwepo.

Mkeo